Saa Tatu na Nusu ya Wapi? Mhadhara Kuhusu Kuandika Tofauti ya Saa



Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya alama sita. Ni hizi: +03:00. Zimo mwishoni mwa tarehe katika ripoti zinazotolewa na kompyuta, katika kumbukumbu za malipo, katika taarifa za mitambo, na wengi wetu huzipita bila kuzisoma.

Muhuri kamili wa wakati, kwa namna mashine zinavyouandika siku hizi, ni kama huu: 2024-08-15T09:30:00+03:00. Unaanza na mwaka, mwezi na siku. Inafuata herufi T, inayotenga tarehe na saa. Kisha saa, dakika na sekunde. Hadi hapo tumeambiwa saa ya ukutani ilionyesha nini: saa tatu na nusu asubuhi. Alama sita za mwisho zinatuambia kwamba saa hiyo ya ukutani ilikuwa mbele ya UTC, saa ya pamoja ya dunia, kwa saa tatu kamili. Hiyo ndiyo nitakayoiita tofauti ya saa, au kwa kifupi tofauti.

Hoja yangu naitanguliza ili mnipime kwayo. Kila kumbukumbu ya jambo lililokwisha kutokea iandikwe pamoja na tofauti yake, papo hapo, na aliyelishuhudia au mashine iliyolipokea. Na kila ahadi ya jambo lijalo iandikwe pamoja na jina la mahali, kwa sababu tofauti ya kesho haiko mikononi mwetu. Mengine yote nitakayosema jioni hii ni kueleza kwa nini.

Daftari lililohama

Karani wa Tanga wa miaka ya zamani aliandika katika daftari lake "3.30 asubuhi", na ikatosha. Daftari lilikaa Tanga, mkaguzi wake alikuja Tanga, na saa ya mkaguzi ililingana na saa ya karani. Leo daftari halikai Tanga. Malipo ya mzazi anayelipa ada kwa simu yanaweza kupokelewa na seva iliyoko Ireland, nakala yake ikahifadhiwa Cape Town, na ripoti yake ikasomwa Nairobi au London. Kila kituo katika safari hiyo kina saa yake, na kila kituo kikikuta muhuri usio na tofauti huusoma kwa saa yake chenyewe.

Mtu akikuambia amelipwa shilingi elfu kumi, nawe hujui yuko Kenya, Tanzania au Uganda, bado hujajua amelipwa kiasi gani. Tarakimu ni zilezile, thamani ni tatu. Ndivyo ilivyo 09:30 isiyo na tofauti: ni tarakimu sahihi zisizo na thamani.

Nitoe mfano unaogusa mfuko wa umma. Mwaka wa fedha wa serikali, Tanzania na Kenya, huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Tuseme malipo yamefanyika saa saba na nusu usiku wa kuamkia Julai mosi, 2024. Muhuri wake ni 2024-07-01T01:30:00+03:00. Seva inayotunza saa kwa UTC itaandika dakika hiyohiyo hivi: 2024-06-30T22:30:00Z. Mihuri yote miwili ni ya kweli, na yote miwili inataja dakika moja. Lakini mwandishi wa ripoti akikata mkia wa muhuri, akabaki na tarehe peke yake, malipo yamehama mwaka wa fedha. Na si hayo tu: kila kilichofanyika kati ya usiku wa manane na saa tisa usiku kitaangukia mwaka uliopita. Hakuna aliyeiba wala aliyekosea hesabu. Alama chache zimedondoshwa njiani, basi.

Waandishi wetu wa habari wameijua hatari hii kwa miaka mingi. Ndiyo maana huandika "usiku wa kuamkia Jumatatu", wakijua kwamba usiku una siku mbili na msomaji lazima aambiwe ni ipi. Nawaomba tuwafundishe wanaotengeneza programu uangalifu huohuo.

Dunia ilivyofika hapa

Kabla ya reli na simu za waya, kila mji ulikuwa na saa yake iliyofuata jua lake. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, kwa hiyo kila digrii moja ya longitudo ni dakika nne. Dar es Salaam iko karibu na digrii 39 na dakika 17 mashariki ya Greenwich. Kwa jua lake peke yake ingekuwa mbele ya Greenwich kwa saa 2, dakika 37 na sekunde chache. Nairobi, iliyo magharibi zaidi, ingekuwa mbele kwa saa 2 na dakika 27 hivi. Miji miwili ya ukanda wetu huu mmoja ingepishana kwa takriban dakika kumi.

Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington wakaichagua longitudo ya Greenwich kuwa mwanzo wa kuhesabia. Nchi nyingi zilikubali, lakini kukubali mstari si kukubali saa. Ufaransa, ambayo haikuunga mkono uamuzi huo, iliendelea na saa ya Paris hadi mwaka 1911. Hata hapo sheria yake haikuitaja Greenwich. Ilisema saa ya Ufaransa ni saa ya Paris iliyorudishwa nyuma dakika 9 na sekunde 21, ambazo ndizo hasa zinazoitenga Paris na Greenwich. Liberia iliwakilishwa Washington mwaka 1884, lakini hadi Januari 1972 saa yake ilikuwa bado nyuma ya Greenwich kwa dakika 44 na sekunde 30.

Kwetu pia njia haikuwa nyoofu. Kanzidata ya kanda za saa inayotumiwa na kompyuta nyingi duniani inaandika kwamba Kenya iliuanza mwaka 1937 ikiwa na tofauti ya +02:45, na haikuhamia +03:00 tuliyoizoea hadi mwaka 1942. Anayesoma telegramu ya Nairobi ya mwaka 1940 iliyoandikwa saa mbili asubuhi, akiigeuza kwa +03:00, atakuwa amekosea robo saa. Kwa mwanahistoria anayepanga mfuatano wa amri za vita, robo saa ni nyingi.

Nayataja haya kwa sababu tumezoea kuiona +03:00 kana kwamba imeumbwa pamoja na Mlima Kenya. Ni uamuzi wa watu. Uliwahi kuwa mwingine, na unaweza kubadilika tena.

Jinsi ya kuusoma mkia wa muhuri

Kanuni ya kimataifa inayotawala uandishi huu ni ISO 8601, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1988. Mwaka 2002 Graham Klyne na Chris Newman waliandika waraka uitwao RFC 3339, uliochagua sehemu ndogo ya kanuni hiyo kwa matumizi ya intaneti. Nyaraka hizi mbili zinatofautiana katika jambo kubwa. ISO 8601 inaruhusu muhuri usio na tofauti, na inauhesabu kuwa saa ya mahali pasipotajwa. RFC 3339 hairuhusu: tofauti ni lazima. Mimi niko upande wa RFC 3339 bila kusita.

Alama ya kujumlisha maana yake ni kwamba saa ya mahali iko mbele ya UTC. Alama ya kutoa maana yake iko nyuma. Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Wakiona +03:00 hujumlisha saa tatu ili wapate UTC. Ni kinyume chake. Kujumlisha kumekwisha kufanyika: saa iliyoandikwa ni UTC iliyoongezwa saa tatu. Ukitaka kurudi kwenye UTC, unatoa. Kwa hiyo 09:30+03:00 ni saa 06:30 ya UTC, na 09:30-05:00 ni saa 14:30 ya UTC.

Msidhani tofauti zote ni saa kamili. India ni +05:30, Iran ni +03:30, Nepal ni +05:45, na visiwa vya Chatham vya New Zealand ni +12:45 wasiposogeza saa mbele kwa ajili ya kiangazi. Kwa sasa kiwango kinaanzia -12:00 na kufika +14:00, ambayo ni ya visiwa vya mashariki vya Kiribati tangu mwanzo wa 1995. Anayeunda safu ya kanzidata ya kutunzia tofauti kwa saa nzima tu amewafungia mlango zaidi ya watu bilioni moja wa India.

Mnaona pia kwamba uandishi huu una saa na dakika, hauna sekunde. Ile tofauti ya zamani ya Liberia, yenye sekunde 30, haiandikiki kwa ukamilifu katika RFC 3339. Wanaohifadhi nyaraka za kale wanapaswa kulijua hilo kabla hawajazikabidhi kwa mashine.

Ishara zinazogeuka njiani

Kama kila mtu angeiandika tofauti kwa namna moja, ningeketi sasa. Lakini mkia huu una lahaja nyingi. Barua pepe huiandika bila nukta mbili: +0300. Faili za PDF huandika +03'00, kwa alama ya ritifaa mahali pa nukta mbili. Programu ya Git, wanayoitumia watengenezaji programu kutunza matoleo ya kazi zao, huandika idadi ya sekunde zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa UTC, kisha huongeza +0300 ya mwandishi. Hizi ni tofauti za mavazi, na mashine huzizoea.

Hatari ni pale ishara yenyewe inapogeuka. Mifumo ya familia ya Unix ina namna ya kale ya kutaja ukanda wa saa ambamo zinahesabiwa saa za kwenda magharibi; mashariki ya Marekani, iliyo nyuma kwa saa tano, huandikwa EST5. Kwa mtindo huohuo, Afrika Mashariki inakuwa EAT-3. Ndiyo: alama ya kutoa, ilhali tuko mbele. Hata katika kanzidata ya kanda za saa, jina Etc/GMT-3 maana yake ni tofauti ya +03:00. Na katika lugha ya JavaScript, ukiiuliza kompyuta ya Nairobi tofauti yake kwa njia ya zamani, itakujibu -180, yaani dakika mia moja na themanini zilizogeuzwa ishara. Kijana asiyejua hili ataandika programu iliyopotoka kwa saa sita, na ataitafuta kasoro kwa siku kadhaa, kwa sababu kila namba anayoiona inafanana na ile anayoitarajia.

Kuna tatizo jingine linalotuumiza sisi wa mashariki ya Greenwich kuliko wengine. Katika anwani za intaneti, sehemu inayobeba maswali, alama ya kujumlisha kwa desturi husomwa kuwa nafasi tupu. Muhuri wetu ukipitishwa humo bila kufungwa vizuri, +03:00 inafika ng'ambo ikiwa nafasi tupu ikifuatwa na 03:00. Seva nyingine hukataa; nyingine huukubali muhuri na kuitupa tofauti. Mtengenezaji programu aliyeko Chicago anafanya majaribio kwa -06:00 au -05:00, na alama ya kutoa hupita salama. Yeye haioni kasoro hiyo. Anayeiona ni mtumiaji wa Kampala, wa Muscat, wa Mumbai. Dawa yake inajulikana: alama hiyo iandikwe %2B ndani ya anwani. Lakini dawa haitolewi kwa ugonjwa usiopimwa, na wa kuupima ni sisi tunaougua.

Kupanga nako kuna mtego. Uzuri wa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ni kwamba mihuri ikipangwa kialfabeti inajipanga kwa wakati. Uzuri huo unadumu pale tu tofauti zote zinapokuwa sawa. Tazameni hii miwili: 2024-03-01T01:00:00+03:00, na 2024-02-29T23:00:00Z. Kialfabeti, wa Februari unatangulia wa Machi. Kwa kweli wa Machi ndio uliotangulia: kwa UTC ni saa nne usiku ya tarehe 29 Februari, na ule mwingine ni saa tano usiku huohuo. Kumbukumbu za vituo mbalimbali zikichanganywa kabla ya kugeuzwa zote kuwa UTC, anayejibu ataonekana amejibu kabla ya kuulizwa.

Na msidhani herufi zitatuokoa mahali pa tarakimu. IST ni kifupi kinachotumiwa India, Israel na Ireland. CST hutumiwa Marekani, China na Cuba. Mabaharia na wanajeshi wana mpango wa herufi moja kwa kila ukanda. Wetu wa +03:00 ni C, na UTC ni Z, ambayo ndiyo asili ya ile Z mnayoiona mwishoni mwa mihuri. Mwaka 1982 waraka wa barua pepe, RFC 822, uliziruhusu herufi hizo, lakini jedwali lake lilizigeuza ishara. Mwaka 1989 waraka mwingine ukatangaza kosa hilo. Mwaka 2001 ikaamuliwa kwamba herufi hizo, isipokuwa Z, zichukuliwe kuwa hazina maana inayojulikana. Katika barua pepe, mpango mzima wa herufi uliangushwa na ishara zilizoandikwa vibaya katika waraka mmoja.

Sifuri tatu zisizolingana

UTC yenyewe inaweza kuandikwa kwa Z, kwa +00:00, au kwa -00:00. Kwa hesabu zote tatu ni sifuri. Kwa ushahidi hazilingani.

RFC 3339 iliipa -00:00 maana ya pekee: wakati kwa UTC unajulikana, lakini saa ya mahali jambo lilipotokea haijulikani. Yaani mwandishi anakiri mipaka ya ujuzi wake. ISO 8601 haiikubali sifuri yenye alama ya kutoa, kwa hiyo programu nyingi hazikuiandika. Aprili 2024 ulitoka waraka RFC 9557, ulioipa Z maana hiyohiyo: UTC inajulikana, saa ya mahali haijulikani. Lakini +00:00 ni dai kamili. Inasema mahali pale saa ya ukutani ililingana na UTC, kama ilivyo Accra mwaka mzima, au London wakati wa baridi.

Naipenda tofauti hii kwa moyo wote, kwa sababu inatenga kutojua na kujua kwamba ni sifuri. Mtafiti wa homa anayekusanya taarifa za wagonjwa kutoka Mwanza, Bukavu na Kinshasa akipokea mihuri yenye Z, anajua mfuatano wa matukio, lakini hajui kama mgonjwa alipandisha joto alfajiri au usiku wa manane wa kwao. Mwanza ni +03:00, Bukavu ni +02:00, Kinshasa ni +01:00. Muhuri uliokuwa na tofauti ungemwambia saa ya kwao. Z inamwambia kwa uaminifu kwamba hilo halikuandikwa. Kibaya ni programu inayobandika +00:00 kwa kila kitu: imetoa ushahidi wa jambo isilolijua.

Saa za Kiswahili haziingii hapa

Huulizwa mara nyingi: je, na sisi tunaohesabu saa tangu mapambazuko, tunaosema saa moja pale tarakimu zinapoandika 07:00, tutumie tofauti gani? Jibu langu ni kwamba hatuhitaji tofauti nyingine. Saa za Kiswahili ni namna ya kuzisoma saa, nayo ni namna yenye mantiki kwa watu wanaoishi karibu na ikweta, ambako jua huchomoza na kutua karibu saa zilezile mwaka mzima. Tofauti ya muhuri ni kitu kingine: ni umbali kati ya saa ya mahali na UTC.

Kuna walioijaribu njia ya mkato: kuiambia simu kwamba iko katika -03:00, ili asubuhi ionyeshe 01:00 badala ya 07:00. Mishale inatulia panapotakiwa, lakini muhuri umesema uongo. Buenos Aires ndiyo iliyo katika -03:00. Jua linapotuangazia sisi saa moja asubuhi, kule ni 01:00 ya usiku. Na simu yetu ikipokea mwaliko au ikiweka kumbukumbu, itashuhudia kwamba mwenyewe yuko Argentina. Programu ikitaka kuwahudumia Waswahili, ihifadhi 07:00+03:00 na ionyeshe "saa moja asubuhi" kwenye kioo. Hifadhi ni ya wote. Maonyesho ni ya msomaji.

Tofauti si ukanda

Sasa nafika kwenye kiini. Tofauti ni namba moja kwa dakika moja. Ukanda wa saa ni historia nzima ya mahali: zamani walitumia tofauti gani, sasa wanatumia ipi, na wanasogeza saa kiangazi au la. Muhuri wenye +02:00 wa mwezi Julai unaweza kuwa wa Kigali, wa Johannesburg au wa Tripoli. Unaweza kutaja dakika bila kosa, na bado hauwezi kutaja mahali.

Historia hizo zimo katika ile kanzidata niliyoitaja, iliyoanzishwa na Arthur David Olson na kutunzwa kwa muda mrefu na Paul Eggert; tangu 2011 inasimamiwa chini ya IANA, taasisi inayoratibu majina na namba za intaneti. Humo kanda nyingi zina jina la bara na mji: Africa/Nairobi, Africa/Lagos, Asia/Dubai. Dar es Salaam na Kampala zimeunganishwa na Nairobi, Muscat imeunganishwa na Dubai, kwa kuwa tangu 1970 saa zao hazijapishana. Anayetafuta ya kabla ya 1970 kwa mji wake asiridhike na jina la jirani.

Tofauti hubadilishwa na serikali, na mara nyingine kwa taarifa fupi. Samoa iliruka siku nzima: hawakuwa na tarehe 30 Desemba 2011. Korea Kaskazini ilirudi nyuma nusu saa mwaka 2015 na ikaifuta hatua hiyo mwaka 2018. Misri ilirudisha kusogeza saa kiangazi mwaka 2023. Na hapa jirani, Sudani Kusini, mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilihama kutoka +03:00 kwenda +02:00 tarehe 1 Februari 2021.

Tuchukue mfano wa mwaka huo. Desemba 2020 afisa wa Juba anaweka mkutano wa tarehe 15 Februari 2021, saa nne asubuhi. Programu yake inahifadhi 2021-02-15T10:00:00+03:00. Kwa siku aliyoandika, hiyo ilikuwa tofauti sahihi ya Juba. Siku ya mkutano inapofika, 10:00+03:00 ni saa 09:00 kwa saa mpya za Juba. Kalenda inamwita mtu saa tatu, na waliomwalika watafika saa nne. Angehifadhi saa 10:00 pamoja na jina Africa/Juba, kanzidata ingesasishwa na mkutano ungebaki saa nne, kama walivyopatana.

Sasa geuzeni. Mgonjwa aliyepewa dawa Juba tarehe 10 Januari 2021 saa nne asubuhi, aandikwe 10:00+03:00, na isiguswe kamwe. Sheria ya Februari haiwezi kubadili kilichotokea Januari. Jambo lililopita limekwisha kuipata tofauti yake. Jambo lijalo bado linaisubiri.

RFC 9557 imetoa njia ya kubeba vyote viwili: baada ya tofauti, jina la ukanda huwekwa ndani ya mabano ya mraba, 2021-02-15T10:00:00+03:00[Africa/Juba]. Uandishi huo ulitangulia kuonekana katika lugha ya Java, na sasa umepewa kanuni. Tofauti na jina vikipingana, kama katika mfano wetu, programu inaona mgongano na inaweza kumuuliza mwenyewe, badala ya kuamua gizani.

Wajibu wetu

Najua hoja ya wahandisi wengi: hifadhi UTC peke yake, yaishe. Ni hoja ya heshima, na kwa kumbukumbu za mitambo inatosha. Lakini UTC peke yake inatunza dakika na kupoteza saa ya mahali, na mambo mengi ya binadamu yanafuata saa ya mahali: zamu ya muuguzi, mwisho wa siku ya benki, siku ya kuzaliwa mtoto, mwaka wa fedha. Tena zipo hifadhi zinazowapoteza watu kwa majina. Programu ya kanzidata iitwayo PostgreSQL ina aina ya safu ambayo jina lake linadai kubeba ukanda wa saa; kwa kweli huipokea tofauti, huitumia kugeuza saa kuwa UTC, kisha haiihifadhi. Anayeihitaji tofauti aiwekee safu yake mwenyewe.

Picha nazo zina somo. Kamera za kidijitali kwa miaka mingi ziliandika tarehe na saa ndani ya picha bila mahali rasmi pa kuweka tofauti. Nafasi hiyo iliongezwa katika kanuni ya Exif mwaka 2016. Picha za kabla ya hapo ziko mikononi mwetu, na nyingi hatutaweza kuthibitisha zilipigwa dakika ipi. Hicho ndicho kinachofanya suala hili liwe la haraka: tofauti isiyoandikwa siku ya tukio, mara nyingi haiwezi kurudishwa baadaye.

Kwetu sisi wa +03:00 kuna kishawishi maalumu. Hatusogezi saa kiangazi wala masika. Kenya, Uganda na Tanzania zinalingana. Kwa hiyo tunaona tofauti kama pambo, tunaiacha, na kwa muda mrefu hakuna kinachovunjika. Lakini Jumuiya yetu sasa inatoka Kinshasa, +01:00, hadi Mogadishu, +03:00. Ndugu zetu wa Muscat wako +04:00. Mtu anayezungumza Kiswahili na jamaa zake wa Lubumbashi, Kigoma na Oman katika siku moja amevuka tofauti tatu bila kubadili lugha. Mifumo tunayoijenga itawahudumia wote hao, au itawachanganya.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa kompyuta: msimpitishe mwanafunzi ambaye programu yake inaandika saa bila tofauti. Wakaguzi: mkipokea ripoti yenye tarehe na saa tupu, ulizeni ni saa za wapi kabla hamjasaini. Mnaonunua mifumo kwa ajili ya hospitali, mahakama na halmashauri: liwekeni sharti hili katika mkataba, na mjaribu kwa malipo ya saa saba usiku wa mwisho wa mwezi, wakati kasoro inapojitokeza. Na ninyi vijana mnaotengeneza programu hapa kwetu: mkikuta kasoro ya alama ya kujumlisha katika kazi ya watu wa mbali, waandikieni. Hawaioni kutoka walipo.

Mwananchi aliyelipa kwa wakati ana haki ya kuwa na kumbukumbu inayoweza kuthibitisha kwamba alilipa kwa wakati, mbele ya mkaguzi yeyote, katika nchi yoyote, hata baada ya miaka ishirini na sheria kadhaa za saa. Alama sita zinatosha kumpa haki hiyo. Hatuna sababu ya kumnyima.